Jiko Limesafiri, Jiko Limebaki

Kila kifaa kinachouzwa siku hizi huja na kijitabu chake. Redio ina kijitabu, pampu ya maji ina kijitabu, hata tochi ya elfu tatu hufungwa pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nane, yenye maonyo kwa lugha sita. Jiko la mkaa peke yake ndilo linalouzwa mikono mitupu. Fundi bati wa mnadani hulipiga teke dogo kukuonyesha kwamba halitikisiki, hupokea pesa yako, na mkataba wenu umeishia hapo.

Nimefika miaka sitini na minne ndipo nikajua kwa nini. Kijitabu cha jiko hukaa humo humo nyumbani, huamka saa kumi na moja alfajiri, na huvaa kitenge. Siku kinapopanda gari kwenda Bunda kumwogesha mjukuu aliyezaliwa, na kikisema kitarudi baada ya majuma mawili, nyumba hubaki na jiko la bati na mwanaume, wanatazamana.

Kwa hiyo naandika mwongozo huu kwa faida ya wanaume wenzangu wa Bugwema, Masinono, Muhoji, Kinyang'erere na popote pale ambapo mama watoto anaweza kusafiri bila kutoa taarifa ya mwezi mmoja. Sifa ninazo. Kwa miaka mingi nililisha magogo kwenye boila la kiwanda kimoja mjini Musoma. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto, na karani mkuu, aliyekuwa mvivu wa maneno marefu, aliniandika kwenye kitambulisho "mchochezi". Cheo hicho kilinipa usumbufu kila nilipokutana na askari, hasa nyakati za uchaguzi. Lakini nilistaafu nikiwa na imani moja: mtu aliyetawala tanuru linalomeza gogo zima hawezi kusumbuliwa na kitu kinachomfika magotini.

Lijue jiko lako

Jiko la mkaa ni boila dogo. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akichambua mgagani. Hakujibu.

Juu kuna chumba cha mkaa, katikati sahani yenye matundu, chini chumba cha majivu chenye kimlango. Lile la kisasa lina kikombe cha udongo wa kuchoma ndani ya bati. Hilo lilianza kuenea kutoka Kenya miaka ya 1980, baada ya watu kuchukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulitia kiuno, bati pana juu na chini, jembamba katikati. Udongo unazuia joto lisitorokee pembeni, ndiyo maana linakula mkaa kidogo kuliko la bati tupu. Langu ni la bati tupu. Lile la udongo nililimwagia maji siku ya kwanza ili kulizima haraka, likapasuka kwa mlio kama wa chungu cha mganga. Hili ni onyo la kwanza na sitalirudia: jiko la udongo halizimwi kwa maji.

Ukitaka kuelewa jiko lako vizuri, linganisha na yale ya wenzetu. Huko Pennsylvania, Marekani, kuna watu wanaopasha nyumba joto kwa makaa ya mawe yanayojilisha yenyewe. Makaa huchekechwa na kupewa majina kwa ukubwa, na majina yenyewe ni ya chakula: madogo huitwa mchele, makubwa kidogo njegere, makubwa zaidi yai. Unajaza kasha, mota inasukuma mchele huo taratibu kuelekea motoni, feni inapuliza kutoka chini, na kifaa cha kupima joto ukutani kinaamua mota izunguke lini. Kazi ya mwenye nyumba ni kumwaga majivu. Na bado analalamika! Akilisha haraka mno, makaa mekundu yanadondokea kwenye majivu kabla ya kumaliza kazi yake. Akilisha polepole mno, moto unarudi nyuma kufuata chakula chake, unakuta kasha limenyamaza, unakufa.

Sisi Bugwema mtambo wa kujilisha tunao tangu zamani. Mota ni mjukuu wangu wa miaka tisa. Feni ni mfuniko wa ndoo. Kipimajoto ni mama yangu, aliyevuka themanini, ambaye huligeuzia jiko mgongo na kujua hali yake kwa harufu. Mtambo mzima hautumii umeme. Mota tu ndiyo yenye masharti: tulikubaliana soda moja kwa juma, na soda ya ziada kwa kila jambo ambalo bibi yake hatakiwi kulisikia.

Mkaa

Gunia la mkaa la huku kwetu halifungwi mdomo. Linaongezewa kofia ya vijiti, majani na kamba hadi linakuwa refu kuliko mnunuzi, na kofia hiyo ndiyo lumbesa. Chini ya kofia utaona vipande vikubwa vinavyong'aa kama viatu vya harusi. Usivitazame hivyo, vimewekwa kwa ajili yako. Ingiza mkono ubavuni mwa gunia, toa kipande ambacho muuzaji hakukichagua, kigonge kwa kingine. Mkaa wa mti mgumu ulioiva hulia kama kigae. Ukigonga ukasikia sauti ya mtu anayepiga godoro, huo ni mti laini, utawaka kwa furaha kubwa na kuisha maji yakiwa bado vuguvugu. Ukikuta kipande cha kahawia kisichovunjika, hicho ni kisinga. Mchoma mkaa alifukua tanuru mapema kwa sababu ya njaa au ya mgambo, na wewe ndiye utakayemalizia kazi yake jikoni, kwa macho yako.

Tanuru la udongo la porini hutoa takribani kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mti. Kwa hiyo kila unapomimina sado moja ya mkaa jikoni, ujue nyingine kadhaa zilishapaa huko porini kama moshi. Mimi jambo hilo lilinifanya niuheshimu mkaa. Heshima ikanifanya nitie kidogo. Kutia kidogo kukatufanya tule saa nne usiku.

Chini kabisa ya gunia kuna chenga. Usizitupe, lakini pia usizimimine jikoni ukidhani unaongeza moto. Zinaziba matundu ya sahani, hewa inakosa njia, na jiko linakuwa kama mtu mwenye mafua.

Kuwasha

Siku ya kwanza nilipanga mkaa kitaalamu. Vipande vikubwa chini, vidogo juu, njia za hewa katikati. Nikamimina kikombe kizima cha mafuta ya taa, nikarudi nyuma hatua mbili kama tulivyofundishwa, nikarusha njiti. Moto uliruka hadi kwenye makuti, ukala mafuta yote, ukaondoka. Mkaa ulibaki mweusi na wa baridi. Ugali uliokuja kupikwa baadaye ulikuwa na ladha ya kibatari.

Zamani kulikuwa na njia nyepesi, mfuko wa rambo. Uliufunga kwenye kijiti, ukaudondoshea matone ya moto juu ya mkaa, nyumba nzima ikakohoa, kazi ikaisha. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ikapigwa marufuku nchini. Mazingira yalifurahi. Sisi wawashaji tukafiwa, na hakuna aliyekuja kutupa pole. Nasema hivyo kwa uchungu ingawa najua moshi ule ulikuwa sumu, na kwamba tulikuwa tunawapikia watoto uji juu yake.

Sasa zimebaki njia mbili za halali. Ya kwanza ni gunzi kavu la mahindi lililovunjwavunjwa, au mabua ya pamba kwa wanaolima. Mabua ya pamba yanatakiwa yang'olewe na kuchomwa kila baada ya mavuno ili wadudu wasilale humo hadi msimu ujao, kwa hiyo ukiyachoma jikoni umetii na umekula. Yanawaka upesi na kufa upesi. Huo ni moto wa salamu, wa kukutambulisha kwa mkaa.

Njia ya pili ni kuomba moto. Mtume mtoto kwa jirani na kigae, arudi na makaa mawili mekundu. Mimi nilikwenda mwenyewe, maana mota ilikuwa shuleni. Jirani yetu alinitazama, akatazama kigae, akatazama barabara ya Bunda.

"Shemeji, moto nakupa," akasema. "Ila huu ni wa tatu tangu asubuhi. Huko kwako mnaupeleka wapi?"

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kutembelea jiko langu juma lile la kwanza. Moshi ulikuwepo kutwa nzima. Moto ulikuwa haujawahi kufika.

Mlango na upepo

Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Mlango wa chini ndio usukani wa jiko. Ukiwa wazi, hewa inapanda kupitia matundu na mkaa unang'aa. Ukiufunga nusu, unatulia. Ukiufunga kabisa, unasinzia. Mwanzo kabisa toa majivu, maana mlango wazi wenye rundo la majivu nyuma yake ni sawa na ofisi iliyofunguliwa bila karani.

Pepea mlangoni, usipepee juu. Ukipepea juu majivu yanaingia kwenye mboga, na dagaa wa ziwani wana mchanga wao wa kutosha.

Kisha uujue upepo. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unatoka Ziwa Viktoria kuingia bara. Usiku mambo yanageuka, nchi inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unarudi majini. Nilimweleza mama habari hii kwa mchoro kwenye vumbi, nikionyesha kwamba mlango wa jiko unatakiwa uelekee ziwani kuanzia saa tano asubuhi, na ugeuzwe baada ya jua kuzama. Nilitumia karibu nusu saa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akalowesha kidole mdomoni, akakiinua.

"Kuna mvua Butiama," akasema. "Ligeuze huku."

Niligeuza. Kwa mara ya kwanza siku ile, mkaa uliwaka.

Kuhusu kulisha: usimwage mkaa mpya juu ya moto hafifu. Mkaa baridi ni kama wageni kumi wanaofika msibani pamoja, wanamlemea mfiwa. Upange pembezoni, upate joto kwanza, kisha uusogeze katikati kwa koleo. Hii ndiyo sheria ile ile ya Pennsylvania, isipokuwa kwamba huku mota inaweza kukimbilia mpirani katikati ya zamu.

Ugali

Ugali unastahili sehemu yake, kwa sababu ndipo elimu yangu ya boila ilipofikia kikomo.

Ugali wa kwetu ni wa muhogo na mtama, mzito, wa kahawia, unaosongwa kwa bega. Mafiga matatu, namaanisha ya mawe na si yale ya kwenye kampeni, yanaubeba ugali huo bila wasiwasi kwa sababu yamezikwa ardhini na hayana mpango wa kwenda popote. Jiko la bati ni jepesi. Unapozungusha mwiko, sufuria inazunguka. Unapobana sufuria, jiko linazunguka. Unapobana jiko, unazunguka wewe. Jaribio la kwanza lilinigharimu suruali. Jaribio la pili nililikanyaga jiko miguu miwili, nikiwa nimechuchumaa kwenye kigoda, sufuria nimeikamata kwa tambara, mwiko mkono wa kulia, na jasho likichangia chumvi. Mama alicheka hadi akashika mwembe.

Nilikumbuka hapo majiko mengi mazuri yaliyoletwa vijijini, yenye michoro na takwimu, ambayo leo yanatagiwa mayai na kuku. Jiko la kitaalamu hupimwa kwa kuchemsha maji. Unaweka sufuria, unahesabu dakika, unapima mkaa uliotumika, unaandika ripoti. Kipimo kizuri sana. Ila maji hayasongwi. Mtu aliyebuni kipimo hicho angeletwa Masinono saa moja jioni, akapewa mwiko na unga wa muhogo, ripoti yake ingekuwa na ukurasa mmoja na alama ya kuungua.

Suluhisho ni hili: chimba shimo la kina cha kiganja, lizamishe jiko humo na mlango ukiwa wazi upande wa upepo. Au anza maji kwenye mkaa, ukasongee kwenye mafiga. Mke wangu hufanya hilo la pili. Nimeishi naye miaka thelathini na tisa na nilikuwa nadhani anabadilisha jiko kwa sababu ya uzuri wa mandhari.

Hitilafu za kawaida

Jiko linatoa cheche na kupiga mabomu: mkaa ulinyeshewa. Uanike, na watoto wakae mbali.

Moto unawaka upande mmoja tu: sahani imeziba, au jiko limekaa mshazari, au umepepea upande mmoja kwa sababu upande wa pili kuna moshi na wewe ni mwoga.

Maji hayachemki: funika sufuria. Nilikaa siku nne bila kufunika, nikiwa natazama. Maji yanayotazamwa na mstaafu huchelewa zaidi.

Wali umeiva chini, juu ni mbichi: hukupalia. Maji yakikauka, punguza moto wa chini, funga mlango, chukua makaa uyaweke juu ya mfuniko wa bati, wali uive kwa juu. Mimi niliyaweka juu bila kuyapunguza chini. Sufuria namba nane ilitoa ukoko mzito kiasi kwamba mota ilipendekeza tuuweke kwenye tairi la baiskeli. Hapo ndipo soda ya pili ilipozaliwa.

Moto umezima usiku na kiberiti kimekwisha: hili si la jiko, ni la mama yangu. Kila usiku, baada ya sisi kulala, alikuwa anakwenda kwenye mafiga, anachagua kaa moja la mti mgumu, analifukia katikati ya majivu. Asubuhi analifukua likiwa hai, anaweka majani makavu, anapuliza mara mbili. Boila letu lilipozimwa Jumamosi, Jumatatu tulianza upya na wanaume watatu. Nilimuuliza mama alijifunzia wapi. Akaniuliza kama nilidhani uji wangu wa asubuhi nikiwa mdogo ulikuwa unatoka mbinguni.

Sasa nasimama kidogo, kwa sababu hili halina mzaha. Usiku wa mvua watu huingiza jiko chumbani wapate joto, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na jiko lisilo na moshi ndilo linalodanganya zaidi kwa sababu mtu anadhani limeshatulia. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Jiko lilale nje. Ukisikia baridi, kuna blanketi.

Njia mbadala

Utaambiwa uachane na mkaa. Ni kweli, na serikali imesema hivyo rasmi: mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia zilishaambiwa mapema zaidi ziweke kuni na mkaa chini. Nyumbani kwangu tunakula watu wanne, kwa hiyo hatujawa taasisi, ingawa siku ya sato majirani wanajaribu kutufikisha.

Mtungi mdogo wa gesi tunao. Upo sebuleni, umevishwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna picha ya ubatizo. Ulikuja umejaa, tulipika chai kwa majuma matatu kama watu wa mjini, ukaisha, na safari ya kwenda kuujaza Musoma ina nauli yake na ya mtungi. Gesi asilia nayo ipo nchini, ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, lakini bado haijapata gari la kuja Bugwema.

Yapo pia makaa ya mawe yetu wenyewe. Shirika la madini la taifa, STAMICO, huyachukua ya Kiwira, huko kusini magharibi, na kuyatengeneza vitofali vya kupikia vinavyoitwa Rafiki Briquettes. Hayo ningependa sana kuyapata. Mchochezi mzee angejisikia amerudi kazini, na labda ningeyachekecha na kuyaita mchele.

Kurejesha jiko kwa mwenyewe

Siku ya kumi na nne simu ililia, mama watoto yuko stendi Bunda. Tulikuwa na saa tatu. Nilifukia shimo, nikafagia mchoro wa upepo, nikaficha suruali. Sufuria namba nane tuliisugua kwa mchanga, kisha kwa majivu, kisha kwa steelwire, mimi na mota tukipokezana, hadi kitako kikaonyesha uso wa mtu. Hilo lilikuwa kosa. Sufuria zote za nyumba hii zina vitako vyeusi tangu tulipooana.

Alifika, akamsalimu mama, akatua mzigo, akaingia jikoni bila hata kunywa maji. Nilisikia vyombo vikiguswa kimoja kimoja. Akatoka ameshika namba nane, ameigeuza kichwa chini, inamulika jua hadi kwenye mwembe.

"Mzee," akasema, "hii ilipikiwa nini?"

Sikujibu. Akamgeukia mjukuu. Mjukuu akanitazama mimi, akaangalia sufuria, akafikiri, kisha nyuma ya mgongo wa bibi yake akaninyooshea vidole vitatu.